Jina la Mwanne

Jumapili, 14 Machi 1999

Violeth amepiga simu kutoka Uarabuni! Miezi mitano kimya. Leo natoka misa ya pili, nikaitwa kutoka duka la simu, nikakimbia kiatu kimoja mkononi.

Kwanza alilia tu. Nikamwambia mdogo wangu, acha kulia, dakika zinakwenda. Ndipo akasema. Anaamka saa kumi alfajiri, analala saa sita usiku. Pasipoti aliichukua mama tajiri wake siku ile ile aliyofika, akaifungia kabatini. Nje hatoki ila kumwaga taka. Analala chumba cha kufulia, chini, kati ya mashine na ukuta. Hata simu ya leo kaiba — wenyewe wamekwenda harusini.

Nikauliza kama wanampiga. Akasema wenyewe wana maisha mazuri, dada, siwezi kuwasingizia. Kodi hawalipi, hospitali bure, kijana akioa serikali inampa kiwanja. Jioni wanacheka mezani mpaka wanashika matumbo. Mimi nawasikia nikiwa nyuma ya mlango, nangoja kuitwa.

Simu ikakatika. Nilikaa pale mpaka duka likafungwa. Hakupiga tena.

Jumanne, 16 Machi

Darasa la sita, Maarifa ya Jamii. Somo: utajiri wa nchi yetu. Nikaandika ubaoni — makaa ya mawe, kahawa, korosho, vito, mito isiyokauka. Mtoto mmoja akauliza: mwalimu, sasa mbona tumekaa chini? Madawati hatuna, ni kweli. Darasa likacheka, na mimi nikacheka. Halafu nikaenda nyuma ya vyoo nikalia kama mjinga.

Redio kila siku soko huria, soko huria. Kila mtu abebe mzigo wake. Violeth alipunguzwa kazi, akakaa kwangu miaka miwili anauza nyanya. Ndipo akaja Derick, yule wakala, na picha zake za maghorofa ya Uarabuni. Akasema matajiri wa kule wanataka Waislamu tu. Violeth Tadei hapiti.

Nani aliyesema basi tutafute jina? Mimi. Acha niandike, hakuna anayesoma. Ni mimi.

Mwanne Swalehe, rafiki yetu, anauza samaki wa kukaanga hapa Bombambili, Songea, kwao ni Nalasi. Umri wanalingana. Akatoa cheti chake cha kuzaliwa kama mtu anavyoazimisha kinu. Wala hatukushtuka. Nani hapa hajawahi kuazima jina? Mimi nilifeli darasa la saba, nikarudia shule ya Mbesa kwa jina la Ursula, binti aliyeacha shule akaolewa. Nyumbani Ida, kazini Mwalimu Ursula, mwaka wa kumi na sita huu. Nusu ya walimu wenzangu wako hivyo hivyo. Nikamwambia Violeth, jina halimuumi mtu.

Jumapili ya Pasaka, 4 Aprili

Baba kaja kutoka kijijini na kuku wawili. Shikamoo baba, marahaba, Violeth hajambo? Nikasema hajambo. Ameshamwandikishia nia ya misa parokiani, mtoto wangu aliye safarini.

Mchana Mwanne kaja kumsalimia mzee, na mdomo wake usio na mlango akamweleza habari ya cheti. Alidhani baba anajua.

Baba akaweka kijiko chini. Alikuwa manamba Tanga, kwenye mkonge, kabla sijazaliwa. Akasema, kule walitupa namba badala ya majina. Tulilala kama ng'ombe. Lakini mtu akifa, namba yake ilikuwa kwenye daftari, na barua ilifika kwao.

Hakula tena. Kuku tumempa jirani.

Jumatano, 21 Aprili

Hakuna simu. Nimekwenda ofisini kwa Derick. Pamekuwa saluni. Wasichana wa hapo wanasema alihama kabla ya Pasaka, hawajui wapi.

Ijumaa, 14 Mei

Kimya.

Leo nimeona kitu ambacho nimekuwa nakiona kila siku. Noela, dada yetu wa kazi, analala jikoni. Mkeka, kanga, basi. Mtu mzima, mjane, ana watoto wawili kawaacha kwao. Nikamwambia kuanzia leo ulale sebuleni kwenye kochi. Akaogopa. Akaniuliza amekosa nini. Nikasema hujakosa. Akaniambia nimvumilie, kama ni ile sahani iliyovunjika atalipa.

Kalala jikoni.

Jumatatu, 7 Juni

Mwanne kaja shuleni, saa ya mapumziko, mikono bado ina unga wa samaki. Barua kutoka kwa baba yake, Nalasi. Nimeisoma mara tatu.

Mzee Swalehe kaandikiwa na mtu, furaha tupu. Mwezi uliopita walikuja watu wa serikali kutoka Tunduru. Wakamwambia binti yake Mwanne, mtumishi wa ndani Uarabuni, ameanguka kutoka ghorofa ya tatu. Yuko hospitali, hasemi. Ndugu waandike barua ya kuomba arudishwe. Mzee akawaambia alhamdulilahi, mmekosea nyumba! Mwanangu yuko Songea, mzima, nimemwona Idi hii. Wakamwandikia maneno hayo, akaweka dole gumba. Kisha akachinja mbuzi, akaita majirani wasome dua ya shukrani. Anamwambia Mwanne asisikitike kwamba hakuwepo, nyama ilitosha.

Mwanne alikuwa analia kwa kwikwi. Mimi nilirudi darasani nikafundisha hesabu za sehemu. Sijui nilifundisha nini.

Ameanguka — au ameruka? Au amesukumwa? Violeth wangu. Hasemi.

Jumanne, 8 Juni

Ofisini, mkoani. Afisa mmoja, Bwana Pankrasi, mpole, kanipa kiti. Faili analo. Akanisomea: mgonjwa hajatambuliwa, anayetajwa kwenye pasipoti yupo hai, baba mzazi amethibitisha. Limefungwa tarehe 31 Mei. Akaniuliza mimi ni nani kwa mgonjwa. Nikasema dada yake wa tumbo moja. Akaomba kitambulisho cha kazi. Ursula. Baba yake Ursula si Tadei.

Akavua miwani. Akasema mwalimu, kwa karatasi hizi huna undugu na mtu yeyote humu. Na ukinieleza zaidi itabidi niite polisi, kwa hiyo usinieleze.

Nikamuuliza nifanye nini. Akasema kule hospitali hazimtibu bure mgeni asiye na mwenyewe, na tajiri kasema mfanyakazi alitoroka, si wake tena. Nchi ile tajiri, mama, lakini kwa watu wake. Njia ni moja. Yule mzee wa Nalasi aandike upya: nilikosea, aliye hospitali ni mwanangu Mwanne, namtaka. Hapo faili litafunguliwa.

Na Mwanne huyu wa Bombambili, anayefunga ndoa Septemba? Akasema hilo yeye hakulisikia.

Jumamosi, 12 Juni. Nalasi

Siku mbili juu ya lori la mahindi. Tulipofika Tunduru, Mwanne akasema tu: twende, mimi nitaishi hata bila jina, wewe umeishi.

Mzee Swalehe katupokea vizuri. Katutandikia mkeka, uji, karanga. Nikamwambia yote, mpaka habari ya Ursula. Karatasi ya barua mpya nikaiweka mkekani, na kalamu, na kidau cha wino wa dole.

Hakukasirika. Heri angekasirika. Aliitazama ile karatasi, akasema: mwanangu, Mungu alinirudishia mtoto, nikamchinjia mbuzi, nikamshukuru mbele za watu. Leo niweke dole kwamba ndiye yule anayekufa? Na Mungu akilipokea neno langu kama lilivyoandikwa, akamchukua?

Mwanne akampigia magoti. Akasema baba, ni karatasi tu. Mzee akamwambia cheti nacho kilikuwa karatasi tu.

Akasema aswali alasiri kwanza, ndipo ajibu. Ameingia ndani. Swala imekwisha zamani, sasa anaomba dua, namsikia kupitia udongo wa ukuta. Anamtaja Mwanne, aishi, azae, azeeke. Anarudia. Violeth hamtaji. Mwanne kakaa karibu yangu, hainui macho, na mimi naandika ili mikono ipate kazi. Wino wa dole nimeufunika usikauke.