Msuli wa Shavuni

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Buzebazeba, kando ya ziwa, tuko salama, baba yako mdogo kaipaka nyumba rangi. Unauliza: ule msuli wa kutafunia, ambao Wagiriki waliuita "mtafunaji", sisi tunauitaje? Jina silijui, mama. Kiganja changu ndicho kinachoujua.

Nikiwa msichana, mama yangu aliugua, akawa hali chakula, hasemi. Alfajiri moja, ziwa limetulia kama nalo limelala, nilimtia mdomoni tonge la ugali wa muhogo na samaki mgebuka, nikamshika shavu. Kisha kitu kikatuna chini ya ngozi, kikalegea, kikatuna tena.

"Chumvi haitoshi," akasema.

Siku hizi nikila peke yangu najishika shavu. Naona kama mama bado anatafuna humo.

Bibi yako