Chiriku ndiyo nini?

Shoga, nimeumbuka.

Unajua kazi yangu ni kujaza jina la bidhaa na toleo kwenye kila sura ya mwongozo wa cherehani. Yule fundi wangu aliniahidi hii mpya aliyoiunda itaitwa Chiriku, jina analonitania nalo kwa kuwa siongei. Nikalijaza kote.

Leo bosi kalisoma mbele ya watu. "Chiriku ndiyo nini?"

Nikamtazama fundi. Akasema, "Sijui huyu kalitoa wapi."

Sijui huyu kalitoa wapi. Huyu, yaani mimi.

Kumbe ana mchumba, na cherehani imepewa jina la huyo mchumba. Sasa nafuta Chiriku sura baada ya sura, naye fundi kasimama nyuma yangu ananitajia herufi za jina hilo, nisikosee.