Kisiwa Nilichokisingizia Nyumba Yako

Bweni la Pili,
Chumba Namba 14,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na vidonge vya presha unameza, au umejipa likizo tena? Mimi ni mzima, ila usingizi umeota mabawa. Simu zangu huzipokei wiki ya tatu sasa, ndiyo maana naandika. Najua bahasha iliyofungwa huwezi kuipita bila kuifungua.

Dada Mkubwa anasema unamwambia kila anayepiga hodi kwamba ulinipeleka chuo nikasome, kumbe nasomea kukutukana. Nisikilize kwanza, Shangazi yangu.

Muhula huu tunasoma tashtiti, yaani maandishi ya kejeli, na masimulizi ya safari ya Wayunani wa kale. Wale watu walikuwa waongo wenye elimu! Mtu hajavuka hata mto, anaapa amefika nchi ambayo wenyeji hujifunika kwa masikio yao wakilala. Mhadhiri wetu, mama mmoja mkali mwenye miwani moja puani na nyingine kichwani, anasema uongo ule ulikuwa njia ya kuwasema wakubwa wa nyumbani bila kutiwa ndani. Akatuagiza kila mmoja abuni safari yake, aisimulie kwa uso mkavu.

Sasa mimi nimesafiri wapi? Kutoka kwako hadi hapa, basi. Nikaandika kisiwa cha Malkia. Makochi yake yamevikwa nailoni na raia hukaa sakafuni. Sahani nzuri zimefungiwa kabatini, zinamngoja mgeni ambaye hata babu zao hawakumwona. Rimoti hulala kifuani mwa Malkia. Raia akichelewa kurudi, hugombezwa kuanzia siku aliyozaliwa.

Nilipata kumi na tisa kwa ishirini. Alama moja ilikatwa kwa wino mwekundu: “Sahani: umetia chumvi mno. Hakuna binadamu wa hivyo.” Hajaliona kabati lako.

Kosa langu ni kumwonyesha mwanao Redio insha hiyo, nikijua vizuri kwa nini tulimpa jina hilo. Naye akakusomea mbele ya wageni, tena nusu tu. Hakufika pale msafiri anapotoroka, akazunguka nchi saba zenye makochi laini ambako kila mtu hukaa apendavyo, na hakuna hata mmoja anayemuuliza kama amekula. Huko, Shangazi, msafiri analia. Sehemu hiyo sikubuni.

Ijumaa natakiwa kuisoma mbele ya chuo kizima. Nilimwambia mhadhiri kwamba Malkia hajanipa ruhusa. Akacheka mpaka miwani ya kichwani ikaanguka. Mimi sikuwa natania.

Ukikataa, naichana. Ulinichukua nikiwa na miaka sita, ukanifundisha kusoma kwa maandishi ya pakiti za sabuni. Siwezi kusimama kuchekesha watu kupitia kwako nawe umeninunia.

Nisalimie Dada Mkubwa na fundi cherehani wa jirani. Redio usimpe salamu, atazitangaza. Mungu alinyooshe goti lako, na ailainishe roho yako kwangu.

Jumatano saa kumi jioni nitapiga. Pokea, hata kama ni kunifokea tu. Nimeikosa sauti yako hadi nikichelewa kurudi bwenini najigombeza mwenyewe, na sijui kugombeza vizuri.

Mwanao akupendaye, hata ukinuna,
Kitindamimba wako wa kulea.