Maziwa ya Zaina Hayana Maji

Jumatatu, 3 Februari 1992
Sampuli kumi na nne za maziwa leo laboratwari. Zote nimezimaliza kabla ya saa tisa. Kisha mtaa wa Nyamirambo, kibandani kwa Zaina muuza maziwa. Siku ya kumi na moja mfululizo kwenda kwake. Nilisema, "Nusu lita." Akanimiminia kwenye chupa. Basi. Siogopi wanawake, sina hoja ya kuanzia mazungumzo tu. Mtu wa sayansi haropoki.

Jumanne, 4 Februari
Hoja imepatikana! Kesho naenda na laktometa, kile kipimo cha kioo kinachofichua maziwa yaliyotiwa maji. Nitathibitisha usafi wake mbele ya wateja. Mwanamke gani hapendi sifa? Innocent, mwenzangu wa laboratwari, ameafiki. Yeye aliwahi kumweleza binti wa watu habari za minyoo ya ng'ombe, harusini. Lakini kwa hili yuko sahihi.

Jumatano, 5 Februari
Kibanda kilijaa. Nikamimina maziwa kwenye chombo changu chembamba cha kioo, nikatumbukiza kipimo. Bibi mmoja akaweka glasi yake chini. "Kumbe iko na maji?" Akatoka. Wengine wakamfuata. Nikatangaza matokeo kwa sauti: safi kabisa! Mabenchi hayakuwa na mtu.

Zaina akaniuliza, "Kaka, mimi nimekukosea nini?"

Nikamwambia joto la maziwa. Nyuzi kumi na tisa. Ee Mungu wangu, mjinga mimi.

Alhamisi, 6 Februari
Nimepita ng'ambo ya barabara. Wateja wawili tu. Ndoo mbili zimejaa, na maziwa hayangoji. Yule dada anaishi kwa kibanda hicho na mimi nimekiua kwa kipande cha kioo. Innocent anashauri cheti chenye mhuri. Nimekataa. Watu wakiona mhuri watauliza ugonjwa gani.

Nimeharibu mbele ya watu. Nitatengeneza mbele ya watu.

Ijumaa, 7 Februari
Watu walipotoka msikitini nilipanda juu ya benchi la Zaina. Nikasema maziwa haya hayana hata tone la maji. Nikasema kipimo kilikuwa kisingizio, nilitaka kuongea na mwenye kibanda nikashindwa. Wakacheka mpaka wengine wakashika kuta. Yule bibi hakucheka. "Basi kunywa tuone."

Hakuna anayejua: maziwa hunivuruga tumbo tangu utotoni. Ile nusu lita huwa nampa jirani kila siku. Nikanywa glasi. Bibi akaagiza ya pili, nikanywa. Ndipo naye akanywa, na foleni ikaanza. Ndoo zote zimekwisha. Zaina hakuniangalia hata mara moja.

Jumamosi, 8 Februari
Kitandani, nyumbani kwangu Nyakabanda. Chooni. Kitandani. Sijutii.

Jumapili, 9 Februari
Nimekwenda jioni, mikono mitupu. Mabenchi yamejaa. Zaina akashika kopo la kupimia nusu lita. Nikamwambia asimimine, maziwa siyawezi.

"Siku zote hizo ulikuwa unanunua ya nini?"

"Nikuone."

Alifuta meza. Akaifuta tena, na ilikuwa kavu. Kisha akauliza, taratibu, kama tumbo limetulia.

Nikasema limetulia. Si kweli. Nimekaa mpaka akafunga.