Ubongo wa Mnyoo Ulivyokwenda Kuteka Maji

Bweni la Wasichana,
Shule ya Sekondari,
Biharamulo, Kagera.
21 Septemba 1997

Mpendwa Shangazi Felisita,

Shikamoo Shangazi. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba ule mgongo uliokuwa ukikusumbua wakati wa baridi umetulia. Baba Diane hajambo? Na Diane anaendeleaje na shule ya huko Norwe? Sisi huku tu wazima. Mimi nilishikwa na malaria mwezi wa saba, nikanywa dawa ikaisha, na sasa hata ugali wa shule naumaliza.

Baba alitaka nikuandikie kwa Kirundi ili uonje nyumbani. Nimejaribu, Shangazi. Kirundi changu ni cha kuongea na Mama jikoni. Nikishika kalamu kinanikimbia. Kuandika nilifundishwa kwa Kiswahili, kwa hiyo utanisamehe.

Habari za nyumbani Murusagamba ni nzuri. Mihogo imekubali, na maharage ya msimu uliopita yalitosha kula na kubakiza mbegu. Kuni ndizo zimekuwa shida. Tangu watu wawe wengi upande huu miti imeisha, na Mama na wenzake wanakwenda mbali sana kuzitafuta.

Bibi Speciose bado yuko kambini kwa wakimbizi, na Baba humpelekea ndizi kwa baiskeli. Tumembembeleza ahamie kwetu, amekataa kabisa. Anasema majirani zake wote wa ng'ambo ya mpaka wako hapo kambini. Akija kwetu atamsengenya nani, na atasengenya pamoja na nani? Nilipomtembelea likizo nilimkuta ameketi mbele ya turubai lake anachambua maharage na anacheka na wenzake, nikaona ana sababu.

Sasa nije kwenye ile picha ya mnyoo wa bahari uliyonitumia. Uliandika kwamba ilikuwa itupwe, kwa sababu pembeni ina ukungu, na wewe ukaiomba ulipokuwa unaosha vyombo vya maabara huko kazini kwako. Kwangu haina kasoro. Nimeitazama mpaka wenzangu bwenini wameniita Mama Mnyoo.

Ninachoshindwa kuzoea ni udogo wake. Mdudu anaishi kwenye matope chini ya bahari, hafikii hata punje ya ulezi, na bado humo ndani kuna neva zilizopangwa vizuri kama nyuzi za mkeka. Ulinieleza, kwa maelezo uliyoandikiwa na dada mmoja wa maabara, kwamba zimetiwa dawa ndiyo maana zinang'aa kijani. Nilikuwa nadhani ubongo wa kila kiumbe ni donge kama letu. Huyu wake ni duara, limezunguka koo lake, na kutoka kwenye duara hilo neva zinashuka hadi mkiani. Tena zinapita tumboni, Shangazi, wakati sisi uti wetu uko mgongoni. Mimi sijawahi kuiona bahari, lakini nikifumba macho namwona mnyoo huyo akitoa na kurudisha miiba ya kichwa chake.

Picha hiyo ndiyo iliyoniingiza kwenye mambo ninayotaka kukusimulia.

Unajua mwakani naingia kidato cha tatu, na hapo ndipo tunapogawanywa: wengine mchepuo wa sayansi, wengine wa sanaa. Mimi nataka sayansi kuliko kitu chochote. Alama zangu za biolojia ni nzuri. Lakini Mwalimu Theonest, anayetufundisha somo hilo, aliandika kwenye ripoti yangu: anaandika vizuri, hasikiki. Na ni kweli. Akiniuliza swali darasani jibu ninalo, ila natazama dawati hadi anamwita mwingine.

Basi akaniita. Akasema siku ya wazazi inakuja, na kila anayetaka sayansi ataeleza kitu kimoja mbele ya wazazi. "Ukieleza ukasikika, nitakuandika," alisema. "Ukinyamaza, Iradukunda, nitakupeleka sanaa, na si kwa kukuadhibu. Maabara ina wanafunzi wengi na mimi ni mmoja. Siwezi kumfundisha mtu asiyeniambia amepotea wapi."

Nikaamua kueleza mnyoo wako. Picha ni ndogo, watu wa nyuma wasingeiona, kwa hiyo nilitengeneza mfano mkubwa. Kwa neva nilisokota kamba za migomba kama Mama alivyonifundisha. Kwa ubongo nilichukua majani makavu ya mgomba, nikayakunja na kuyazungushia kamba hadi yakawa duara zuri linene. Mwalimu akanipa wino wa kijani, nikalipaka lote. Nikaliweka dirishani bwenini likauke, ili asubuhi nilifungie kamba zake.

Shangazi, wewe umekulia kwenye migomba. Majani makavu ya mgomba yaliyokunjwa duara, yamewekwa dirishani karibu na ndoo. Mimi sikuona kitu. Niliona ubongo tu.

Asubuhi ya siku yenyewe nikakuta dirisha tupu. Zamu ya maji ilikuwa ya Dafroza, rafiki yangu wa kitanda cha juu, msichana wa Runazi. Nikatoka mbio, nikamkuta anarudi kutoka kisimani, ndoo kichwani, anaimba.

"Dafroza, ubongo wangu uko wapi?"

"Mwenzangu, wako mwenyewe? Hata jana sikuuona."

"Wa mnyoo. Ulikuwa dirishani."

"Dirishani kulikuwa na ngata ya kuwekea ndoo kichwani," alisema. "Nzuri sana, laini. Nani aliisokota?"

Hapo nikamtazama vizuri. Maji yalikuwa yamemwagika ukingoni mwa ndoo yakapita kwenye wino, na uso wake ulikuwa na michirizi ya kijani kuanzia paji hadi kidevuni. Nilitaka kulia, ikatoka kicheko. Na yeye alipojiona kwenye maji ya ndoo akaketi chini kabisa. "Sasa baba yangu anakuja leo," alisema. "Nitamwambia nini akiniuliza naumwa nini?" Tulisugua kwa sabuni na jani la mpapai. Michirizi ilipungua tu.

Ubongo ulikuwa umelowa na umelala bapa kama chapati, na rangi imeondoka upande mmoja. Muda wa kutengeneza mwingine haukuwepo. Nikafungia kamba hivyo hivyo.

Wazazi walikaa kwenye ukumbi wa chakula. Baba alikuwa nyuma kabisa, kofia kwenye magoti. Wenzangu waliotangulia walieleza vizuri, mmoja moyo wa ng'ombe, mwingine mbegu ya haragwe, wakajibu kila walichoulizwa. Jina langu likaitwa. Nikasimama na kile kitu changu mikononi, nikafungua mdomo, nikaufunga, nikaanza kuhesabu kamba zangu. Nilimwona Mwalimu anatazama chini. Nilijua anachofikiri.

Ndipo mzee mmoja wa mbele, mfugaji, akasema kwa sauti: "Samahani binti, hiyo si ngata?"

Ukumbi ukacheka. Sijui nilipata wapi ujasiri, Shangazi, lakini nilijibu. "Ndiyo mzee, asubuhi ilikuwa ngata. Sasa ni ubongo."

Wakacheka tena, na safari hii nilicheka nao. Nikawaambia yote: matope ya chini ya bahari, punje ya ulezi, neva za tumboni. Nikawaambia ubongo wake umekaa hasa kama ngata, ila badala ya kukaa juu ya kichwa umevaliwa na koo, na chakula kinapita kwenye tundu la katikati.

"Yaani anakula kupitia katikati ya akili," alisema yule mzee. "Hao hata kijijini kwetu wapo. Wakiona nyama hawawazi kingine." Alikuwa Mzee Shibuda, baba yake Dafroza, nami nilikuwa sijui. Watu walipotulia akaendelea, safari hii bila mzaha: "Sasa binti, akimeza kitu kikubwa, ule ubongo haubanwi? Ng'ombe wangu alikabwa na kiazi akafa. Huyu akikabwa, si anakabwa akili?"

Swali lilikuwa zuri kiasi kwamba nilisahau niko mbele za watu. Nikafikiri kweli. Kwenye maelezo yako jibu halikuwepo, na kwenye kitabu chetu halipo.

"Sijui," nikasema. "Nitauliza."

Nikaketi. Ndipo nilipoona nilichofanya. Wote walijibu, mimi peke yangu nimesema sijui. Nikahesabu sayansi imekwenda.

Baba alipokuwa anafungua kufuli la baiskeli aniage, hakuniambia kama nimefanya vizuri au vibaya. Unamjua kaka yako. Alisema tu, "Sauti ilifika nyuma," akapanda akaenda.

Jumatatu Mwalimu Theonest aliniita ofisini. Nikaingia nimejiandaa kusikia sanaa. Akaniuliza kama najua kilichokuwa kinamtia wasiwasi juu yangu. Nikasema sisikiki. Akasema hapana, sauti hujengeka. "Ulikuwa ukipotea unanyamaza. Juzi ulipotea mbele ya ukumbi mzima ukasema. Nimekuandika sayansi." Nilishukuru, nikatoka, nikapita hadi nyuma ya jiko la shule ambako hakuna mtu, nikarukaruka. Dafroza aliniona. Alisema sasa ni zamu yangu kuulizwa naumwa nini.

Sasa naomba kitu, Shangazi. Yule dada wa maabara aliyekuandikia maelezo, tafadhali muulize swali la Mzee Shibuda: mnyoo akimeza kitu kikubwa, ubongo unafanyaje? Unatanuka? Au hali vikubwa kabisa? Kama na yeye hajui, niandikie hivyo hivyo kwamba hajui, nitaelewa.

Nina sababu ya kukuharakisha. Mzee Shibuda hajasahau. Juzi alipita shuleni akitoka kuuza mahindi, akaniita getini aulize kama jibu limefika. Nikamweleza Norwe ni mbali. Akasema sawa, atasubiri, lakini likifika nisimwambie yeye peke yake, maana ameshawasimulia wenzake na wanabishana. Anataka niende Runazi siku ya mnada niwaeleze wafugaji wote, nisimame juu ya gari la ng'ombe ili wanione.

Nimekubali.

Baba, Mama Bernadetha na mdogo wangu Nkeshimana wanakusalimu sana. Bibi Speciose amesema nikuambie ule vizuri, kwa sababu kwenye picha uliyopiga kwenye theluji umekonda. Dafroza naye anakusalimu ingawa hamjaonana. Nisalimie Baba Diane, na umwambie Diane kwamba kitanda changu kina nafasi yake siku atakapokuja. Mungu, Imana kama Bibi anavyomwita, alinde mikono yako huko kwenye maji baridi.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, akupendaye na anayesubiri,

Iradukunda