Nilisema Wanapumzika

Jumanne, Novemba 1960

Mvua imenyesha tangu alfajiri, vumbi jekundu la mtaa wetu limekuwa tope. Leo nina furaha na nina aibu. Nianze na aibu, maana ndiyo inayonikaba.

Siku za juma mimi ni mwalimu wa darasa la tatu. Jumapili alasiri nasimama kwenye ukumbi wa parokia na kipaza sauti: filamu inasema Kifaransa, mimi nawaambia watu kwa Kiswahili. Mtaani wananijua kwa sauti hiyo, na naipenda sifa hiyo kupita kiasi.

Filamu ya juzi ilihusu mabaharia wa nchi mbalimbali walioajiriwa kwenye meli moja. Mikataba yao imekwisha, lakini nahodha amefungia vitabu vyao vya kazi kabatini, na asiye na kitabu hawezi kwenda popote. Basi siku moja bandarini wanaketi chini na kugoma. Msimamizi wa ukumbi alinivuta pembeni mapema.

"Mwalimu, siku hizi inchi iko moto. Pale banaikala, sema banapumuzika."

Nikakubali. Wala sikubishana.

Na kwenye benchi la tatu aliketi Kalala, kaka wa mke wangu Ntumba, pamoja na wenzake wanne. Wote ni watu wa Kasai, wanafanya kazi kwenye boti za mizigo ziwani, huko Kilwa ya Katanga. Bosi wao aliwatuma hapa Lubumbashi kupakia lori, na leo walitakiwa kurudi nalo. Mikataba yao iliisha zamani, ila vitabu vyao bosi kavikalia ofisini kwake hapa mjini. Bila kitabu hakuna anayekuajiri, na askari wa vizuizini hawakuachi upite. Ntumba alinisihi niende nao kuvidai, kwa sababu najua Kifaransa. Nilimjibu kwamba nitafikiri. Uongo mtupu; nilikuwa naogopa.

Basi mabaharia wakaketi, nami nikasema wanapumzika.

Ukumbi mzima ukaguna. Kalala, mtu mpole ambaye hata chumvi mezani haombi, akasimama.

"Kupumuzika gani, shemeji? Muzigo iko juu ya kamba! Mutu wa boti hawezi kupumuzika na kuacha muzigo inaning'inia. Bale banakatala kazi!"

Nikatazama. Kweli, nyuma ya mabaharia wavu uliojaa magunia ulikuwa hewani, umeachwa vilevile. Asubuhi nilipoonyeshwa filamu ile sikuuona, na watu wa boti waliuona mara moja. Nilitamani sakafu inimeze.

"Ni kweli," nikasema kwenye kipaza sauti. "Banakatala. Banataka bitabu yabo."

Baada ya hapo sikuruka neno. Kabati lilipofunguliwa na vitabu kugawiwa, watu walipiga vigelegele, nami nilikuwa na machozi.

Jana mchana, baada ya darasa, niliwakuta watano hao wameketi uani kwa bosi, lori limepakiwa nusu, turubai halijafungwa. Nikaingia nao ofisini. Nilisema kwa Kifaransa kila walichosema, hata pale Kalala alipomwambia bosi kwamba yeye si ng'ombe wa mtu. Bosi alifoka, akatufukuza. Hawakupandisha gunia hata moja.

Leo asubuhi, mvua ikinyesha, karani akatoka na vitabu vitano.

Kalala hajui kusoma. Alinipa chake nikakisoma mbele ya wote, jina lake, la baba yake, na siku mkataba ulipokwisha. Akanifanya niirudie siku hiyo mara tatu. Lori liliondoka na wapakiaji wengine.

Msimamizi wa ukumbi naye kanitumia habari: Jumapili ijayo mtu mwingine atashika kipaza sauti. Imeniuma, sitajidai shujaa. Hata hivyo, Ntumba amepika bukari, ugali wetu wa huku, na samaki, na kunipakulia kwanza mimi, kabla ya kaka yake, na hilo halijawahi kutokea nyumba hii.

Kalala amelala chumba cha pili, kitabu kiko chini ya shavu lake. Kabla hajalala nimemuuliza kesho anakwenda wapi. Amesema hajui bado, na amelisema neno hilo akicheka, kwa kuwa tangu aje Katanga hakuna aliyewahi kumuuliza.