Njia ya Marsabit

Baba,

Nimerudi kutoka Marsabit. Niliondoka hapa Mowlem, Nairobi, alfajiri, na jua lilikuwa halijazama nilipofika. Ni lami tupu sasa. Njia iliyokula mgongo wako! Nililia nikiangalia dirishani, jirani yangu kwenye basi akadhani naumwa.

Tulipokuwa wadogo ulizoea kusema, "Mkoloni alitandika barabara kufuata kahawa yake hadi bandarini. Kaskazini hakuona cha kuchukua, akawaachia wenyeji vumbi. Na waliomrithi wakafuata ramani yake." Hata mitaa yetu ya Eastlands hukuiacha: "Njia zote zinaelekea kazini. Hakufikiria kama tunatembeleana." Tulicheka. Sikujua unasema kwa uchungu.

Ulinieleza ukiwa kitandani, siku zako za mwisho. Mvua ilikuwa imenyesha, lori lako limejaa unga, mzee mmoja akakusimamisha: binti yake ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Ukawakalisha wote wawili kando yako. Mbele kidogo matope yakalishika lori. Mtoto alizaliwa palepale, akalia vizuri. Mama yake alitokwa na damu hadi akanyamaza, hospitali ingali mbali. Ulimwachia mzee mjukuu wake, ukarudi Nairobi, ukatafuta kazi ya kiwandani mtaani Baba Dogo. Usukani hukuushika tena. Nasi tulidhani umechoshwa tu na safari.

Basi nilikwenda kwenye senta uliyonitajia, nikauliza madukani juu ya mtoto aliyezaliwa ndani ya lori. Kila mtu anamjua. Anaitwa Talaso, anauza vitambaa, ana kicheko cha haraka. Nilipomwambia mimi ni binti ya yule dereva, mkasi ukamponyoka.

"Yuko wapi?"

Nikamwambia tumekuzika. Nikamwambia uliogopa kumtazama machoni, yeye aliyekosa mama ndani ya lori lako.

Aliketi chini. "Babu alinisimulia jinsi baba yako alivyovua koti lake akanifunika. Nilipokuwa mtoto, kila lori likisimama hapa nilikimbia kumchungulia dereva. Angekuja tu."

Angekuja tu, Baba. Lami ilipokamilika, ulikuwa bado una nguvu zako.

Sikulaumu. Natamani tu ungemsikia.

Pumzika sasa. Desemba nitampeleka Mama. Talaso amesema atatuchinjia mbuzi, nami nimemwahidi kwamba safari hii hatamngoja mtu bure.

Binti yako,
Wanjiku